Kaanguka Mferejini

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, halafu ndipo niingie katika historia.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mganga wa zahanati moja ya mlimani, huku juu ambako migomba na kahawa vimefunga njia, na ukungu wa mwezi wa saba hauondoki mpaka saa tano. Asubuhi moja ya baridi ya mwaka 1981 alikuja baba mmoja amembeba mwanawe wa miaka mitatu hivi. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umevimba na kupinda. "Daktari, kaanguka mferejini," akasema.

Baba yule nilimjua. Alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa na balozi wa nyumba kumi. Mifereji yetu, au mifongo kama tunavyoiita, tunaijua pia: kingo zake zina utelezi, na watoto huanguka humo kila siku. Sikuona sababu ya kuuliza zaidi. Tena kwa kuwa ilikuwa baridi, sikumvua mtoto sweta. Nilikata mkono wa sweta kwa mkasi, nikafunga banzi, nikatoa dawa ya maumivu, nikamwambia baba ampeleke hospitali akapigwe picha. Daftarini nikaandika neno moja: "Ameanguka."

Hospitali hakumpeleka. Baada ya wiki sita mtoto yule alirudi, safari hii kaletwa na bibi yake mzaa mama. Nyayo zake mbili zilikuwa zimeungua. Muuguzi wangu, mama mtu mzima aliyenizidi umri na akili, alimvua nguo zote juu ya meza. Mgongoni palikuwa na mistari ya zamani na ya karibuni. Bibi hakusema neno. Alitutazama tu, mimi na muuguzi, kana kwamba anatusubiri sisi tuseme. Hospitali tulikompeleka, picha ya eksirei ilionyesha mbavu mbili ambazo zilikuwa zimevunjika siku nyingi na zimeanza kuunga. Mtoto haanguki mferejini akavunjika mbavu za nyuma kisha asilie hata jirani asisikie.

Ndugu wasikilizaji, nilikuwa na macho, na mtoto alikuwa mbele yangu. Kwa nini sikuona? Swali hilo limenifuata hadi leo nimestaafu, na ndilo lililonifanya nitafute wenzangu wa zamani waliofanyaje. Nimegundua kwamba sikuwa peke yangu. Madaktari waliosoma kunishinda mara kumi walimtazama mtoto aliyepigwa kwa karibu miaka mia moja, na hawakumwona.

Tuanzie Paris, Ufaransa, mwaka 1860. Huko alikuwako daktari mmoja aitwaye Ambroise Tardieu, mwalimu wa tiba ya mahakamani, yaani yule daktari anayeitwa kupasua maiti na kuieleza mahakama mtu kafa kwa nini. Mwaka ule alichapisha maandishi kuhusu ukatili na mateso wanayotendewa watoto. Alikuwa amekusanya habari za watoto 32, na 18 kati yao walikuwa wamekufa. Akaeleza kila kitu: michubuko iliyotapakaa mwili mzima, alama zenye umbo la kilichopiga, majeraha ya moto, mifupa iliyovunjika. Akaeleza kwamba mara nyingi waliotenda hayo ni wazazi wenyewe na walezi.

Tazameni jambo hili. Tardieu aliona kwa sababu wengi wa watoto wake walikuwa mezani pa maiti. Mezani pale hakuna mzazi wa kueleza kwamba mtoto ameteleza, na hakuna heshima ya mtu ya kulinda. Kuna mwili peke yake. Madaktari wenzake, ambao wao waliwaona watoto walio hai wakiwa wameshikwa mkono na wazazi waliovaa vizuri, walisoma maandishi yake, wakayaweka kabatini. Yalikaa humo kwa muda mrefu sana.

Mwaka 1874 huko New York, Marekani, mama mmoja aitwaye Etta Wheeler, aliyekuwa akitembelea maskini kwa kazi ya kanisa, aliambiwa habari za msichana Mary Ellen anayeteswa na mlezi wake. Alihangaika huku na huku asipate wa kumsaidia. Mwisho alikwenda kwa Henry Bergh, kiongozi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Naam, wanyama. Wakati huo mji ule ulikuwa na chama cha kumtetea farasi anayepigwa barabarani, kilichoanzishwa mwaka 1866, lakini hakuna aliyekuwa na chama cha kumtetea mtoto. Msichana aliletwa mahakamani amefunikwa blanketi, na usoni ana kovu la mkasi. Mlezi wake alifungwa, na kutokana na kesi hiyo kikazaliwa chama cha kwanza cha kuwakinga watoto. Lakini angalieni: aliyeona hakuwa daktari. Alikuwa mama aliyebisha hodi.

Mwaka 1895 Mjerumani Röntgen aligundua miali ya eksirei, na sasa mifupa ikaanza kuonekana mtu akiwa hai. Mtadhani basi siri imefichuka. La hasha. Ilipita miaka 51 zaidi. Mwaka 1946 daktari wa picha za watoto huko New York, John Caffey, aliandika juu ya watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovilia kichwani chini ya fuvu. Alipowapiga picha alikuta wana mivunjiko 23 ya mifupa mirefu ya mikono na miguu, na hakuna mzazi hata mmoja aliyeeleza ajali ya kutosha kuvunja mifupa hiyo. Caffey alisema mifupa hii imeumizwa. Ameumiza nani? Hapo alinyamaza, au alisema kwa kunong'ona. Mtu anaweza kuwa na picha mkononi, inayoonyesha kila kitu, na bado ulimi ukawa mzito.

Aliyetamka kwa sauti ni Daktari Henry Kempe wa Denver, mwaka 1962, pamoja na wenzake wanne. Waliziuliza hospitali 71 za Marekani zimewaona watoto wangapi wa namna hii kwa mwaka mmoja. Jibu lilikuwa watoto 302. Kati yao 33 walikufa, na 85 walibaki na ulemavu wa ubongo. Wakaipa hali hiyo jina, ambalo kwa Kiswahili tungesema "dalili za mtoto aliyepigwa". Na waliandika jambo ambalo nilipolisoma nilijiona ndani yake: kwamba daktari hupata shida kubwa kuamini kuwa mzazi aliyesimama mbele yake anaweza kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo hutafuta maelezo mengine yoyote. Jina lile lilikuwa na nguvu kuliko picha. Kufikia mwaka 1967 kila jimbo la Marekani lilikuwa limetunga sheria ya kuripoti watoto wa aina hii.

Sasa turudi nyumbani Kilimanjaro.

Mwaka 1971 ilifunguliwa hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi, miaka tisa tu baada ya makala ya Kempe. Kabla yake na pamoja nayo zilikuwako Mawenzi mjini, Machame, Kibosho, Kilema, na Huruma kule Rombo. Kwa hiyo mlima wetu haukuwa na njaa ya hospitali kama mikoa mingine. Lakini mimi na wenzangu wa zahanati, tuliofundishwa malaria, kichomi, surua na kuhara, hatukufundishwa ukurasa hata mmoja juu ya mtoto aliyepigwa na mzazi wake. Wala sisemi kwamba walimu wetu walikuwa wabaya. Walikuwa na vifo vingi vya kupambana navyo. Surua peke yake ilikuwa vita.

Basi kabla ya hospitali, nani alikuwa akiuona mwili wa mtoto wa Kichagga? Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyefundisha huku mlimani, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Mchagga, kikachapishwa mwaka 1940. Ndani yake mna nyimbo za kubembeleza, michezo, vitendawili, kazi za watoto, na adhabu pia. Sitawadanganya kwamba zamani ilikuwa peponi. Fimbo ilikuwako, na methali ya kuitetea ilikuwako: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Lakini kihamba hakikuwa na ukuta. Mtoto aliogeshwa na bibi leo, kesho na shangazi, akalala kwa mjomba, akachunga mbuzi na watoto wa nyumba ya tatu. Mwili wake ulikuwa ukionwa na watu kumi kwa juma. Aliyezidisha mkono alijulikana, na wazee walimwita.

Halafu vihamba vikagawanywa mpaka vikawa kama leso. Vijana wakashuka Moshi, wakaenda Arusha, Dar es Salaam, Nairobi. Mjini mtu akapanga chumba Majengo au Pasua, na aliyefanikiwa akajenga nyumba yenye geti na ukuta wa tofali. Ndani ya ukuta ule mtoto huonwa na watu wawili au watatu, na mmoja wao ni msichana wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto, kaletwa kutoka kijijini, na mwili wake yeye hauonwi na mtu yeyote kabisa. Bibi yu mlimani, anangojea Krismasi. Watoto wengine wamezikimbia nyumba zao wakaenda kulala stendi na sokoni, na mwaka 1997 ikabidi kianzishwe pale Moshi kituo cha Mkombozi kwa ajili ya watoto wa mitaani. Ukikaa na watoto hao ukawauliza kwa upole, wengi hawatakuambia walifuata raha ya mjini. Watakuambia walikimbia kipigo.

Kwa hiyo macho yale kumi ya kihamba yamebaki mangapi? Nasema yamebaki mawili ya hakika, nayo ni ya muuguzi wa kliniki. Kila mwezi mama humpeleka mtoto kliniki na kadi yake. Mtoto huvuliwa, huvishwa ile chupi ya mizani, huning'inizwa kama ndizi sokoni, huku akilia. Kwa dakika mbili hivi mtu aliyesoma anauona mwili wa mtoto. Dakika mbili kwa mwezi. Tukizitumia kusoma mshale wa mizani peke yake, tumezipoteza.

Muuguzi atazame nini basi? Chukueni karatasi, hasa ninyi mliopo zahanati, na walimu wa chekechea pia.

Kwanza, umri na uwezo wa mtoto. Asiyetambaa hajiumizi. Mwaka 1999 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wadogo 973 waliokuja kliniki kwa shughuli za kawaida. Wale wa chini ya miezi sita walikuwa 366, na waliokutwa na alama ya kuvilia damu walikuwa wawili tu. Kwa hiyo mtoto wa miezi minne mwenye alama shavuni au mfupa uliovunjika, hilo ni jambo la kusimamisha foleni.

Pili, mahali. Mtoto anayecheza huumia kwenye mifupa iliyojitokeza: paji la uso, kidevu, kiwiko, goti, ugoko. Magoti ya mtoto wa mlimani yasiyo na kovu ni ya kushangaza. Lakini masikio, shingo, tumbo, mgongo, makalio, mapaja kwa ndani, hapo mtoto haanguki mwenyewe. Tazameni nyuma ya masikio. Hapo wengi hatutazami.

Tatu, umbo. Ajali haina umbo. Chombo kina umbo. Waya uliokunjwa huacha alama kama kitanzi. Fimbo huacha mistari miwili iliyo sambamba na katikati pamebaki peupe. Kifungo cha mkanda, ncha ya pasi, meno ya mtu mzima, vidole vitano, kamba iliyofungwa kifundoni, kila kimoja huandika jina lake.

Nne, moto. Mtoto akivuta sufuria ya uji jikoni, uji humwagikia uso, kifua na bega, ukateremka bila mpango, hapa pameungua sana, pale kidogo. Lakini mikono miwili iliyoungua sawasawa hadi kifundoni kama glavu, au nyayo mbili kama soksi, na mpaka umenyooka kama uliochorwa kwa rula, huyo alishikwa, akatumbukizwa. Mtoto wangu wa 1981 alikuwa na soksi hizo.

Tano, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, hadithi. Je, hadithi inalingana na jeraha? Je, inabadilika, asubuhi kaanguka kitandani na jioni kasukumwa na mwenzake? Je, ajali ni ya Jumatatu na leo ni Ijumaa? Je, kadi inaonyesha zahanati tatu kwa majeraha matatu? Alama moja peke yake ni herufi. Hadithi na alama zikiwekwa pamoja ndipo zinasomeka.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikutuambia. Vilieleza kwamba damu iliyovilia huwa nyekundu, halafu bluu, halafu kijani, halafu manjano, na daktari akatakiwa kusoma siku kwa rangi. Vilichorwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu rangi hizo mara nyingi hazionekani, na mtoto mweusi aliyepigwa huonekana mzima. Na uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2005 umeonyesha kuwa hata kwa ngozi nyeupe kuhesabu siku kwa rangi ni kubahatisha. Kwa hiyo ndugu zangu, tusitazame tu. Tuguse. Pitisha kiganja mgongoni taratibu: pana joto, pana uvimbe, mtoto anajikunja? Simama dirishani penye mwanga wa pembeni. Vidole vya muuguzi huona kinachofichwa na ngozi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea upande wa pili. Si kila alama ni kipigo. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la bluu kiunoni au makalioni, ambalo huondoka lenyewe wakikua. Mgeni akiliona atasema kapigwa. Kuna chale za mganga wa jadi. Kuna upele na majipu yanayofanana na majeraha ya sigara. Kuna matege, na kuna mifupa dhaifu ya kuzaliwa nayo. Meno ya kahawia ya watoto wa sehemu nyingi za kanda yetu hayatokani na uchafu wala uzembe wa mama. Ni floraidi iliyozidi kwenye maji. Mganga asiyejua hayo ataivunja nyumba isiyo na kosa.

Haya yametokea. Mwaka 1987 huko Cleveland, Uingereza, katika muda wa miezi michache watoto 121 walisemekana wamenajisiwa, wengi wakaondolewa kwa wazazi wao, na sababu moja kubwa ilikuwa alama moja ya mwilini iliyoaminiwa kupita kiasi. Uchunguzi wa Jaji Elizabeth Butler-Sloss ulitoa ripoti mwaka 1988, na watoto wengi walirudishwa makwao. Na kuhusu unajisi niongeze hivi: watoto wengi walionajisiwa, ukiwapima, mwili unaonekana wa kawaida. Kukosa alama hakumaanishi kwamba mtoto anasema uongo. Hapo neno la mtoto ndilo kipimo.

Kosa la upande mwingine nalo lina kaburi. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast, akapelekwa Ulaya na shangazi wa baba yake ili akasome, kama sisi tunavyowapeleka watoto kwa ndugu mjini. Mwaka 1999 alifikishwa hospitali ya London akiwa na majeraha. Daktari bingwa aliyemwona alisema ni upele. Mtoto akarudishwa nyumbani. Muda mfupi baadaye alilazwa hospitali nyingine ameungua kichwa, akarudishwa tena. Alikufa tarehe 25 Februari 2000, ana umri wa miaka minane, na mwilini mwake zikahesabiwa alama 128. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba polisi, maofisa wa ustawi na madaktari, kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. London, ndugu wasikilizaji, mji wenye kila mtambo, miaka 38 baada ya Kempe.

Basi alama zinajulikana. Elimu ipo. Kinachomwua mtoto ni kile kinachofuata baada ya kuona, yaani mlango wa pili. Muuguzi akishaona, anampeleka wapi?

Mwaka ule wa 1981 sheria ilikuwapo, Sheria ya Watoto na Vijana iliyoachwa na Waingereza tangu 1937. Hakuna aliyewahi kunionyesha. Mlango tulioujua ni mmoja, ile fomu ya polisi tunayoiita PF3. Na mazoea yakawa kwamba aliyejeruhiwa na mtu aanzie kituoni. Tazameni mazoea hayo yalizaa nini. Mama anayejua kwamba baba ndiye aliyevunja mkono wa mtoto, akisema kweli, ataambiwa aende polisi kwanza, maili nne kwa miguu, amebeba mtoto anayelia. Akisema "kaanguka", mtoto anatibiwa sasa hivi. Kwa hiyo tulimfundisha mama kusema uongo, kisha tukauandika uongo ule daftarini kwa wino wa serikali.

Mengi yamebadilika tangu hapo, lazima niwe mkweli. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Mwaka 1998 ikaja sheria kali ya makosa ya kujamiiana. Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, ambayo inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa wake. Inakataza mateso na adhabu za kikatili, ingawa bado imeacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi, na kiasi hicho kila baba hujipimia mwenyewe. Mwaka 2011 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa taifa: karibu wasichana watatu kwa kila kumi na mvulana mmoja kwa kila saba walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walipata kipigo. Zanzibar mwaka huohuo wakafungua Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wanakaa chini ya paa moja, na Dar es Salaam wakafuata hospitali ya Amana mwaka 2013. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto. Ipo simu namba 116, ya bure, ya kutoa taarifa za mtoto.

Mlango wa pili, basi, upo. Kilichobaki ni mtu wa kumpitisha mtoto. Na hapo nawaambia waganga na wauguzi wenzangu: kazi yenu si kumhukumu mzazi. Huyo ana mahakama yake. Kazi yenu ni mambo manne. Mvue mtoto, hata kama ni mwezi wa saba. Tibu kwanza, fomu baadaye. Andika ulichokiona kwa vipimo, urefu wa alama, mahali, umbo, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, wala usiandike "ameanguka" kana kwamba ulikuwapo. Kisha mwite ofisa ustawi au dawati la polisi siku ileile, kabla mtoto hajarudi nyumbani, kwa maana mtoto aliyeonwa kisha akarudishwa huko yuko hatarini kuliko yule ambaye hajaonwa.

Nanyi majirani, msingoje daktari. Etta Wheeler alibisha hodi tu.

Mtaniuliza mtoto yule alikuwaje. Bibi yake alimchukua akamlea. Hapakuwa na kesi. Baba aliendelea kuwa mzee wa kanisa mpaka alipofariki, na mimi nilikuwapo mazikoni, nikasikia sifa zake zikisomwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa stendi ya Moshi natafuta gari la kupanda mlimani. Mtu mzima mmoja mpakiaji mizigo akanichukulia mfuko wangu, akauinua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hakuutumia, haukunyooka. Akaniambia, "Shikamoo daktari." Nikamwitikia marahaba. Akaukatalia ujira wangu, akasema mimi ndiye niliyemfunga mkono alipokuwa mdogo, bibi yake alimsimulia.

Ndugu wasikilizaji, sikuweza kumwambia kwamba siku ile sikumvua sweta.

Kwaherini, tukutane juma lijalo.